Kupunguza Weupe

Studio ya baba yangu haina dirisha. Ilikuwa nalo, lakini aliliziba kwa matofali enzi za filamu, wakati mwanga ukipenya hata kwenye ufa mdogo unaunguza kazi ya wiki nzima. Kamera za kisasa zilipokuja hakuona sababu ya kulizibua. Ni fremu moja ya duka nyuma ya soko la Sumbawanga. Nje upepo wa Ufipa unavuma mpaka unang'oa mabango ya watu. Ndani tunausikia kwenye mabati tu, na pazia letu lililochorwa ngazi za ghorofa halitikisiki. Nimekaa ndani ya chumba hicho tangu nimalize kidato cha nne.

Hakuna aliyeniambia nikae. Mama alifariki, kaka yangu akahamia Dodoma na mke wake, nami nikasaidia msimu mmoja wa harusi. Nikasaidia na mwingine. Siku moja mteja akaingia, akanitazama, akauliza, "Samahani dada, mwenye studio ni wewe?" Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma yangu. Alijibu kabla sijafungua mdomo, "Ndiye." Nilihisi kama mtu amenifungia komeo kwa nje.

Basi niseme mapema, nisije nikaonekana nazunguka: nilitaka kuondoka. Watu wakisikia hivyo hudhani nilitaka Dar es Salaam. Dar sina hamu nayo. Nilitaka kushuka ziwani Tanganyika, safari ya kupita Chala na Namanyere kisha kuteremka, nikakae huko nipige picha za ndege weupe wakiwa wanaruka. Najua inachekesha. Mimi mwenyewe nilipoisema kwa sauti mara ya kwanza, jikoni peke yangu, nilicheka.

Ilianza na harusi ya upande wa Kipili, kando ya ziwa. Bwana harusi alikuwa mtu wa ziwani, bibi harusi wa kwetu huku juu, na mimi nilikodiwa na ukoo wa mke. Asubuhi ya pili, wageni wakiwa bado wamelala, nilitoka na kamera mpaka ufukweni walikoanika dagaa. Mchanga wote ulikuwa unameta. Juu yake walikuwepo ndege: shakwe wenye kelele kama watu wanaogombania zamu bombani, na yangeyange, warefu, weupe pepe, wanaotembea bila haraka kana kwamba dagaa wale wamewaanika wao. Akina mama waliwafukuza kwa kanga, na kila kanga ilipopungwa ndege walinyanyuka wote kwa pamoja. Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu watulie, wasipepese macho, washushe kidevu. Pale hakuna aliyekuwa ananisubiri wala kunisikiliza. Nikainua kamera.

Sasa, baba alinifundisha sheria moja tu ya mwanga: pima uso, yaani iache kamera isome mwanga wa usoni. Huku kwetu mtu ana uso mweusi na amevaa nguo nyeupe, iwe ni gauni la harusi, la komunyo ya kwanza, au shela la mtawa siku ya nadhiri. Kamera haiwezi kuvitendea haki vyote viwili. Kwa hiyo unapima uso, unaongeza mwanga mpaka uso ufunguke, na nguo unaiacha iungue, iwe nyeupe tupu. Hakuna mama aliyewahi kuturudishia picha kwa sababu ya gauni. Kwa miaka mingi nimeunguza lesi, satini na hariri za mkoa mzima, tena kwa baraka za baba.

Kwa hiyo nilipomwona yangeyange anapita, nilifanya nilichofundishwa. Nilitafuta uso wake. Uso wa ndege ni jicho na mdomo, basi, na nikapima hapo. Nilipoitazama picha nilikuta jicho zuri sana, na mdomo wa njano uliochongoka, na nyuma yake doa jeupe lisilo na mwanzo wala mwisho. Nilipiga nyingine na nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa kofia ya kufuma na msuli, anachungulia kioo cha kamera bila aibu yoyote. Ndiye mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hilo jicho linaelea. Mwenye jicho yuko wapi?"

Nikamwambia ndege ni mweupe mno na jua ni kali.

"Picha za namna hiyo ninazo mpaka simu imejaa," akasema. "Zote kama kitambaa kimerushwa juu. Wageni wangu wanatoka mbali kuja kuwaangalia hawa, na mimi sina hata picha moja ya kutundika ukutani yenye unyoya. Ukinipatia unyoya, njoo ukae hapa."

"Nikae vipi?"

"Ukae, binti. Ufanye kazi. Chumba kipo. Ndege ndio hao, kila siku ya Mungu wapo."

Alisema kama mtu anayekukaribisha chai, kisha akaenda kuwasemesha akina mama wa dagaa. Nilirudi juu na maneno hayo tumboni. Gari lilipokuwa linapanda kuelekea Namanyere, na baridi yetu ikaanza kuingia kwenye nyufa za madirisha, nilijua kwamba nimekwisha.

Tangu hapo kila kazi iliyotokea upande wa ziwa niliikimbilia, na nikiimaliza nabaki asubuhi moja zaidi. Nilijifunza kusimama upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu ndege hunyanyuka akiuelekea upepo na hivyo anakuja na uso wake kwako. Nilijifunza kumfuata kwa kiuno, wala si kwa mikono. Kubwa zaidi, nilijifunza kuisaliti sheria ya baba: kupima weupe wenyewe, kupunguza mwanga mpaka picha kwenye kioo ionekane chafu, maji meusi, anga kama linataka mvua. Kule ziwani nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo nyumbani kwetu mtaa wa Izia nilifanyia mazoezi mashati ya shule ya watoto wa jirani yakiwa kwenye kamba. Upepo wetu haukosi, mashati yanaruka na kujikunja. Jirani alitoka akanikuta nimepiga goti.

"Jamani, hata kufua sasa mnapiga picha?"

"Nafanya mazoezi, mama."

"Basi ungenianikia na soksi," akasema, akaingia ndani.

Kazi ya pili ilikuwa kwenye kompyuta ya studio, wateja wakiwa hawapo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba weupe wa ndege si mmoja. Kifuani ni weupe wa maziwa. Chini ya bawa una ubuluu kidogo unaotoka kwenye maji. Kwenye ncha, jua linapopenya kati ya unyoya na unyoya, ni weupe unaoelekea unga wa dona. Unashusha ile sehemu inayong'aa peke yake, taratibu, huku giza la maji unaliacha lilivyo, na unyoya unaanza kutokea mmoja mmoja, kila mmoja na mshipa wake katikati. Lakini palipoungua tangu kwenye kamera hapana cha kurudisha. Ukipunguza hapo unapata kijivu kitupu kama ukuta. Saa nzima ilikuwa inapita kwenye bawa moja na mimi sijui kama nimekaa chumba kisicho na dirisha.

Isipokuwa baba alikuwepo. Kiti chake kiko nyuma ya changu, hatua chache, na neno lake lilikuwa moja. "Ongeza mwanga." Picha ya pasipoti, ongeza mwanga. Picha ya mahafali, ongeza mwanga kidogo, mama. Yeye huniita mama kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao. Nililichukia neno hilo, nalisema bila kuficha. Kamera alikuwa ameiacha kabisa akidai ni nzito. Kusoma masomo kanisani, kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa, nayo aliiacha, akasema vijana wapewe nafasi. Kila alichokiacha alikaa juu ya kiti kile na kuniangalia nikikifanya. Mimi niliona mzee anayezidi kuwa mvivu na kuzidi kunishikilia.

Yakatokea ya harusi ya Chala. Wakati huo jicho langu lilikuwa limeshageuka la ndege, na siku ile bila kujitambua nilipima gauni. Lilikuwa gauni zuri ajabu, lesi ya maua madogo madogo, na nililipata lote, ua kwa ua. Mama wa bibi harusi alikuja kuchukua picha amevaa kitenge cha sare ya harusi bado. Alizitazama muda mrefu.

"Lesi naiona," akasema. "Fundi alijitahidi. Sasa binti yangu yuko wapi?"

Kweli, uso wa binti ulikuwa umezama kama chungu ndani ya moshi. Nikaanza kueleza. Yule mama akamgeukia baba, "Mzee, wewe ndiye unayeijua kazi. Hebu angalia mwanangu alivyofanywa mkaa."

Baba alisogeza kichwa kuelekea kwenye kioo cha kompyuta. "Ongeza mwanga," akasema.

Niliongeza. Uso ukatokea, lesi yote ikafa, mama akafurahi na kumshukuru baba. Siku ile nilienda nyumbani kwa miguu mpaka Izia. Nilijiambia kwamba nikibaki hapa nitazeeka nikiunguza vitu vizuri ili watu wanishukuru. Niliamua kwenda ziwani kabla ya Pasaka, niende na picha zangu, na nisipande tena huku juu.

Nilimpigia simu mzee wa nyumba ya wageni. Alinikumbuka. "Wewe wa jicho linaelea? Njoo na unyoya. Nikiuona, hurudi huko kwenye baridi."

Kilichobaki kilikuwa kumwambia baba. Nilikuwa nimeandaa maneno, na majibu ya maneno yake, na majibu ya kimya chake. Nilimwambia tukiwa tunakunywa uji wa ulezi, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Nenda."

"Na studio?"

"Studio ni fremu tu. Nenda, mama."

Nilikasirika kuliko kama angenikatalia. Nilidhani haamini kama kweli nitakwenda. Hata safari hajaiulizia, nikasema moyoni, anajua nitarudi kwenye kile kiti kabla ya mwezi kwisha.

Wiki moja kabla ya safari nilikuwa studio nachagua picha. Mchana, hakuna wateja, mvua za mwisho zinagonga bati. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya yangeyange mmoja anayegeuka juu ya maji, bawa limefunguka lote, manyoya ya nchani yameachana kama vidole na jua linapita katikati yake. Nilikuwa nimeifanyia kazi siku nyingi. Hapakuwa na nukta iliyoungua.

"Nasikia umetulia kweli kweli," baba akasema nyuma yangu. "Ndio hao ndege? Hebu nione mmoja."

Alikuwa hajawahi kuomba kuwaona. Nilifurahi, sikatai. Niligeuza kioo upande wake, nikamsogezea kiti mpaka karibu kabisa. Alisogeza kichwa mbele.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Huyo hapo baba. Katikati."

"Mbona giza? Ongeza mwanga."

Damu ilinipanda. Nikasema, haya, kama ndivyo anavyotaka aone mwenyewe anavyoniharibia. Nikaongeza. "Hapo je?" Bado kidogo, akasema. Nikaongeza. Kifua kikafutika. Nikaongeza tena, ile mishipa midogo ikaondoka, kisha vidole vya bawa vikashikana, mpaka kazi yangu yote ya siku zile ikawa doa jeupe lenye jicho. Baba akatabasamu.

"Eee. Sasa namwona. Ana mabawa mapana kweli."

Nikageuka kumtazama kwa hasira. Macho yake hayakuwa kwenye kioo. Yalikuwa pembeni ya kioo, karibu na pazia, kama ya mtu anayetega sikio. Hasira iliniisha ghafla. Bila kusema neno nikaifunga ile picha, nikafungua ya bibi harusi wa Chala, ile iliyoungua, akiwa ameshika shela kwa mikono yote miwili upepo usilipeperushe.

"Na huyu?" nikauliza.

Aliinamisha kichwa, akajaribu upande huu na upande ule.

"Huyu naye anageuka vizuri," akasema. "Anaruka au anatua?"

"Anatua," nikasema.

Mvua iliendelea. Nadhani aliisikia sauti yangu ilivyobadilika, maana masikio yake yalikuwa yameshafanya kazi ya macho kwa muda mrefu kuliko nilivyojua. Alirudi nyuma kwenye kiti taratibu.

"Baba, leo nimevaa nguo ya rangi gani?"

Akageuza uso pembeni, akasema, "Ungeendelea tu na kazi yako, mama."

"Tangu lini?"

"Lilianza la kushoto. Niliona ni vumbi. Nilikwenda hospitali mwenyewe, wakasema ni presha ya macho. Lililokwenda limekwenda, halirudi. Wakanipa dawa ya matone, ya kulinda kilichobaki." Alicheka kidogo. "Kilichobaki ndicho hicho. Mwanga mwingi naona kitu. Mwanga mdogo sioni."

"Yale matone ulisema ni ya vumbi!"

"Nilisema."

"Kaka anajua?"

"Yule ana watoto wadogo na nyumba ya kupanga. Ajue ili iweje?"

Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Nilimwuliza alifikiri ataishi vipi mimi nikishaondoka. Akasema nyumba ya Izia anaijua kwa miguu. Akasema uji anaweza kupika, ugali pia, moto anausikia. Fremu alikuwa ameshaongea na mwenye nayo kwamba tutaiachia. Alikuwa amepanga yote, kimya kimya, nyuma ya mgongo wangu, huku mimi nikidhani kwamba amekaa pale kunilinda nisitoke.

"Kwa nini hukuniambia?" Nililia sasa, kwa sauti, kama mtoto.

"Ningekuambia ungeenda?"

Nilijifuta machozi.

"Nilitaka ufike huko kwanza," akasema. "Ukae, uzoee. Halafu siku moja ningekutumia neno. Mtu akishazoea mahali si rahisi kumng'oa. Ilibaki wiki moja tu." Alisema mengine kwa Kifipa, lugha anayoitumia akiongea na marehemu mama, nami nikajifanya sikusikia kwa sababu hayakuwa yangu.

Siku zile zilizofuata nilimpeleka hospitali. Daktari alirudia yale yale, kwa upole. Baba alikaa amenyooka kama mtu anayepigwa picha. Tulipotoka nje ya geti alinyoosha mkono wake pembeni, wazi, bila kuficha, mpaka ukapata bega langu, akaushusha hapo. Alikuwa hajawahi kunishika bega barabarani. Tangu siku ile aliacha kujifanya. Nyumbani alipapasa ukuta, alipapasa meza, alitia kidole kwenye kikombe kujua chai imefika wapi, na usoni alikuwa ametulia kama aliyetua mzigo. Niliona alivyopumzika, na nilijua mzigo umetua wapi.

Siku ambayo ningesafiri nilisimama mlangoni pa studio nikampigia mzee wa ziwani. Nilimwambia siji.

"Picha hukupata?"

"Nimepata. Unyoya wote unaonekana."

"Basi baba yako amekukatalia."

"Hapana mzee. Ameniruhusu. Aliniruhusu tangu mwanzo."

"Sasa binti, kinachokuzuia ni nini?"

Nilitamani baba angenikatalia. Ningegombana naye, ningetoroka na basi la asubuhi, na kule chini ningewapiga picha ndege kwa hasira mpaka hasira iishe. Sikujua namna ya kumtoroka mtu aliyekwisha kunifungulia mlango. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, sijui ni wa kwangu au wa kwake, na yule mzee alikuwa bado anasubiri jibu.

Ndani nilisikia kiti kikiburutwa, kisha viatu vya baba vikisita sakafuni.

"Mama," akaita. "Uko hapo?"

"Nipo," nikasema.